Niwaachie wanafunzi wapange skrini wenyewe, au nifunge kila kitu?

mkufunzi_kondele (Kisumu), Jumanne saa 3:40 usiku

Wadau, hamjambo. Nafunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika chumba kimoja hapa Kondele, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Nina kompyuta 11 za mitumba, mbili kati yake huwa mahututi kila wiki, na zamu tatu za watu tisa tisa. Anayefika mapema huchagua kiti, hakuna mwenye kompyuta yake. Skrini zote ni za inchi 14, pikseli 1366 kwa 768. RAM ni GB 4. Zinatumia mfumo wa Linux Mint kwa sababu ndiyo iliyokubali kukaa humo bila kulalamika.

Mwaka huu niliachana na programu kubwa kubwa nikaunda yangu ndogo. Ni ukurasa wa kivinjari tu. Kushoto kuna orodha ya faili, katikati mahali pa kuandikia (nimetumia CodeMirror, kihariri kilichokwisha tengenezwa), chini matokeo. Python inaendeshwa na Pyodide ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo intaneti ikikatika sisi tunaendelea. Vyote vinatoka kwenye laptopu yangu iliyo mezani mbele, nao wanaifikia kupitia ruta kwa anwani ya nambari.

Mwanzoni hakukuwa na cha kusogezwa. Kisha mama mmoja, fundi cherehani wa Kibuye aliyeshapita miaka hamsini, akaniita: "Mwalimu, hizi si herufi, hizi ni omena." Nikaongeza mahali pa kukuza herufi. Wiki iliyofuata kijana mmoja akataka matokeo yawe kulia, mwingine akataka orodha ya faili ifichwe. Nikajiambia, kwa nini nisimalize kazi mara moja? Nikatengeneza ukurasa mzima wa mipangilio ya mpangilio wa skrini (Kiswahili kinanicheka hapo, kwa hiyo nitauita "mkao"). Kila paneli ikawa inaburutwa popote, inapanuliwa, inafinywa.

Ngoja niwaambie yaliyofuata.

Kwanza, nikisema "angalieni pale chini", vichwa tisa vinageukia pande tisa. Huyu kwake chini kuna orodha ya faili. Yule kwake chini hakuna kitu. Somo la dakika kumi linakwenda nusu saa.

La pili ndilo lililoniuma. Msichana wa kidato cha tatu, anayekuja wakati wa likizo, alikalia kompyuta namba 6. Aliyemtangulia hapo alikuwa ameifinya paneli ya matokeo mpaka ikawa haina urefu wowote. Msichana anabofya "Endesha", kimya. Anabofya tena, kimya. Alikaa dakika ishirini akifuta mstari mmoja mmoja wa programu iliyokuwa sahihi tangu mwanzo. Nilipomfikia alikuwa amebakiza `print("habari")`, na hata hiyo haikuonekana. Hakulia, lakini hakunisemesha mpaka saa ya kwenda nyumbani.

La tatu silielewi kabisa. Kuna siku mikao yote hupotea kwenye kompyuta zote kwa pamoja, kila kitu kinarudi kama nilivyokiunda. Halafu baada ya wiki moja, mbili hivi, ile ya zamani inajirudisha yenyewe. Mara nyingi hutokea stima ikiwa imepotea usiku, lakini si kila mara. Nilimshuku mlinzi. Nilimshuku mwanangu. Nimekwisha kuwaomba msamaha wote wawili.

Mwenzangu tunayefunza naye anasema nitoe yote: "Shule ya udereva haimuulizi mwanafunzi usukani ukae wapi." Nimekosa la kumjibu, ila nikimkumbuka yule mama na omena zake nasita. Ninyi mngefanyaje?

---

vim_tu, Jumanne saa 4:05 usiku

Mimi natumia Vim, kihariri cha kibodi tu. Mipangilio yote iko kwenye faili moja, `.vimrc`, nimetembea nayo tangu chuoni. Hakuna paneli, hakuna cha kuburuta.

mkufunzi_kondele, saa 4:11 usiku

Na siku ya kwanza ulitokaje ndani ya Vim?

vim_tu, saa 4:12 usiku

Nilingoja stima ipotee.

---

sehemu58 (Nakuru), Jumatano saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, nianze na la tatu, kwa sababu hilo si la mlinzi wala la mtoto.

Bila shaka mikao unaihifadhi kwenye `localStorage`, kabati dogo la akiba ndani ya kivinjari. Sasa, kivinjari hakijui programu yako inaitwaje. Kinajua anwani tu: itifaki (ile http ya mwanzo), mwenyeji (jina au nambari ya kompyuta) na namba ya mlango. Vitatu hivyo vikiwa vilevile, kabati ni lilelile. Kimoja kikibadilika, kabati ni jingine. Wewe umesema wanakufikia kwa anwani ya nambari. Stima ikipotea ruta inawaka upya na kuanza kugawa nambari upya, na hailazimiki kukurudishia ile ya jana. Jana ulikuwa 192.168.0.101, leo uko 192.168.0.104. Kwa kivinjari hizo ni nyumba mbili zisizojuana. Siku ruta ikikupa tena ile 101, kabati la zamani linafunguka na nguo zimo kama ulivyoziacha. Ndiyo maana zinapotea pamoja na zinarudi pamoja.

Dawa ya haraka: ingia kwenye ruta, itengee laptopu yako nambari moja kwa kutumia anwani yake ya MAC, yaani namba ya kadi yake ya mtandao. Dakika tano.

Lakini hata ukitibu hilo, bado umeweka akiba mahali pasipofaa. `localStorage` ni ya kompyuta, si ya mtu. Wewe umesema hakuna mwenye kompyuta yake. Basi msichana wako aliketi kwenye mkao wa mtu mwingine kwa sababu programu yako haijui kwamba mtu amebadilika. Mkao umfuate mtu. Mwanafunzi aandike jina lake anapofungua, seva yako (ile laptopu ya mezani) imletee faili yake ndogo, akihamia kompyuta nyingine mkao unamfuata. Hilo peke yake litakutatulia nusu ya kesi.

Mwambie mwenzako hivi: shule ya udereva haikuulizi usukani ukae wapi, ni kweli. Lakini kabla hujawasha gari utaambiwa uvute kiti mbele na urekebishe vioo. Mtu mfupi asiporekebisha kiti haoni barabara.

Haya, namna ya kuhifadhi. Usihifadhi mkao mzima, hifadhi tofauti tu. Kama mtu amegusa ukubwa wa herufi peke yake, faili yake iwe na mstari mmoja wa ukubwa wa herufi. Ukihifadhi kila kitu, siku utakapoboresha mkao wako wa awali yeye hataona chochote, kwa kuwa faili yake imeshikilia vya zamani ambavyo hata hakuvichagua. Upana nao usiuandike kwa pikseli, andika kwa sehemu ya skrini. Nina skrini ya inchi 24 hapa, paneli ya pikseli 900 kwangu ni ya wastani, ukiipeleka kwenye 1366 zako imeimeza skrini. Na paneli yoyote isikubali kufinywa chini ya kiwango fulani. Urefu wa sifuri si mkao, ni hitilafu uliyomruhusu mtumiaji aitengeneze kwa mikono yake.

Jambo jingine ambalo watu hulichanganya hata kwenye programu kubwa ni kipi ni mpangilio na kipi ni kumbukumbu tu. Nilimwambia mwenzangu kazini, aliyekuwa anatumia VS Code, programu ya kuandikia msimbo, aandike `"workbench.panel.defaultLocation": "right"` ili terminali, paneli ya kuandikia amri, ihamie kulia. Akaandika, akafunga, akafungua, terminali bado iko chini. Jioni nzima ikaishia hapo. Kumbe mpangilio ule ni wa miradi mipya, folda ambayo umeshaifungua inakumbuka mahali ulipoiacha paneli yake. Mimi mwenyewe niliwahi kunakili `settings.json` yangu, faili ya mipangilio, kwenda kompyuta mpya nikishangaa mbona nusu ya mkao haikuja. Vile nilivyovihamisha kwa kuburuta havikuwa kwenye faili ile hata siku moja, vinahifadhiwa pengine. (Kuna amri ya kurudisha vilivyohamishwa, `View: Reset View Locations`. Nimeitumia kuliko ninavyopenda kukiri.) Wewe chagua mapema: mkao wote uwe kwenye faili moja inayosomeka, na kitufe cha "Rudisha" kiwe mahali ambapo hakiwezi kufichwa. Kikiwa ndani ya paneli inayofichika umefanya kazi bure.

La mwisho. Kabla ya kuwapa watu ruhusa ya kuhama, angalia kama hukuwajengea nyumba mbaya. Skrini yako ina urefu wa 768. Toa upau wa chini wa mfumo, toa vichupo na sehemu ya anwani ya kivinjari, unabaki na kama 600. Mstari mmoja wa msimbo ni pikseli 20, kwa hiyo una mistari 30. Ukiyapa matokeo theluthi kule chini unabaki na 20. Upande wa upana, herufi ya pikseli 14 inachukua kama 8.4. PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python, inataka mstari usizidi herufi 79, hiyo ni kama pikseli 664. Toa 200 za orodha ya faili, bado una karibu 500 zimekaa bure kulia. Skrini hizo zina upana wa kumwaga na urefu wa kubahatisha, wewe ukatumia urefu. Kijana aliyetaka matokeo yawe kulia alikuwa anakusahihisha kwa adabu.

---

mwalimu_lurambi (Kakamega), Jumatano saa 10:30 jioni

Mulembe. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, sekondari, darasa la watoto 48 na projekta moja yenye doa la zambarau katikati.

Mkufunzi, samahani nikisema wazi: tatizo la kwanza si la programu, ni la mdomo wako. "Pale chini", "hapo kulia", "ile ya pembeni". Hata sisi tusioruhusu chochote kusogezwa tunapata shida hiyo, maana mtoto wa nyuma haoni unapoonyesha. Ipe kila paneli jina na uliandike kwa herufi nzito juu yake: FAILI, MSIMBO, MATOKEO. Kisha jizuie. Sema "someni MATOKEO" wala usitaje upande tena. Mimi ilinichukua muhula mzima kuacha kusema "pale". Ukiweka na namba na mkato wa kibodi, mfano Alt+1, Alt+2, Alt+3, mtoto hata asipojua paneli iko wapi ataifikia.

Sisi tunatumia Thonny, programu ya kujifunzia Python, ile ya Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Nimeipendea jambo moja. Ina hali rahisi, yenye vitufe vikubwa na vitu vichache, na kuna mahali pa kubofya juu kulia uhamie hali ya kawaida yenye menyu zote. Sikubaliani na sehemu58 kwamba umpe mtu ruhusa tangu siku anayoandika jina. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hajui anachohitaji. Ukimpa cha kuchezea atachezea hicho, na somo litakuwa ni hicho. Wangu wiki nne za kwanza wote wako hali rahisi. Baada ya hapo anayetaka kuhama ananieleza sababu. Wengine wakitakiwa kueleza wanagundua hawana.

---

jicho_la_kushoto (Kisumu), Jumatano saa 2:20 usiku

Mwalimu wa Lurambi, kwa heshima, mimi nina sababu na sipendi kuieleza mbele ya darasa.

Naona kwa jicho la kushoto tu, nalo si zima. Kitu kikikaa ukingo wa kulia wa skrini mimi sikioni mpaka nigeuze shingo. Niliwahi kuhudhuria mafunzo mahali ambapo terminali ilikuwa kulia na haikuhamishika. Kila mara ujumbe wa kosa ukitokea jirani yangu ndiye aliyekuwa akinigusa bega. Nilimaliza mafunzo yale nikiwa na shingo ngumu na cheti. Kwa hiyo mkiongea juu ya "kuchezea" kumbukeni kwamba kwa wengine wetu kuweka matokeo kushoto ndiyo tofauti ya kufuata somo na kutofuata.

Mkufunzi, yule mama wa omena usimtibu kwa ukubwa wa herufi peke yake. Jaribu mwenyewe leo: kuza ukurasa wako hadi asilimia 200. Skrini yako ya 1366 sasa inakuwa kama ya 683. Paneli tatu zikisimama bega kwa bega hapo, kila moja ni kichochoro. Mwongozo wa WCAG, ule wa kurasa zinazofikika na watu wenye ulemavu, unataka maandishi yakuzwe hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu (kigezo 1.4.4), na kwenye programu nyingi ndipo vitufe vinapoanza kukaliana. Zikibanana namna hiyo, zipange juu na chini zenyewe bila kumngoja mtu aburute.

Na kuburuta kwenyewe. Mkono wangu ni mzima ila kuulenga mpaka mwembamba wa paneli wenye upana wa pikseli 4 kwa jicho hili ni kama kutia uzi kwenye sindano ndani ya matatu. Wapo ambao mkono unatetemeka. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 imeongeza kigezo 2.5.7: chochote kinachofanywa kwa kuburuta kiwe na njia nyingine ya kubofya tu. Weka orodha: Matokeo, chini, kulia, kushoto. Nachagua, namaliza. Kwa kibodi pia ifanye kazi.

---

mwalimu_lurambi, Jumatano saa 2:55 usiku

Nimesoma mara mbili. Sitamuuliza tena mtu sababu mbele ya wenzake. Karatasi ndogo ataniandikia, au nitanyamaza nimpe. Wiki nne bado nazishikilia, lakini si kwa herufi wala kwa upande wa matokeo.

---

mkufunzi_kondele, baada ya wiki tatu, Jumamosi saa 9 alasiri

Nimerudi na ripoti. Leo zamu ya asubuhi imeisha, chini wanajaribu honi, mtanivumilia.

sehemu58, ulikuwa sahihi mpaka kwenye nukta. Niliangalia laptopu, ilikuwa 192.168.0.107. Nikakumbuka kwamba kwenye daftari langu la mwanzo wa muhula nilikuwa nimeandika 102. Nikaitengea 102 kwenye ruta, nikafungua kompyuta moja moja, na mikao ya zamani yote ikafufuka. Kwenye namba 6 ile paneli iliyofinywa ilinisubiri pale pale. Nilisimama mbele yake kidogo, kisha nikafuta kabati lote.

Sasa kila mwanafunzi ana faili yake kwenye seva. Wengi zina mstari mmoja au miwili. Wiki ya kwanza sikuweka namba ya siri, nikaona darasa la watu wazima na vijana wenye akili zao. Siku ya pili kijana mmoja akaandika jina la rafiki yake, akaweka herufi za pikseli 40, akatoka. Rafiki akafungua akakuta herufi mbili kwa skrini, karibu. Darasa zima lilicheka, mimi pia, kisha nikaweka namba ya siri ya tarakimu nne.

Habari ya kuburuta nimeiondoa. Kuna orodha tatu tu: Matokeo yakae wapi (chini, kulia, kushoto), Faili ionekane au isionekane, na ukubwa wa herufi kuanzia 12 hadi 32. Nilidhani watalalamika kwamba nimewanyang'anya. Aliyelalamika ni mmoja, naye alitaka tu rangi ya usiku. Paneli ya matokeo haishuki chini ya pikseli 120, na programu ikitoa kitu chochote inajifungua hata kama mtu aliificha. Mkao wa awali sasa ni matokeo kulia. Hesabu ya mistari 30 niliirudia ubaoni pamoja nao, ikageuka kuwa somo zuri la kugawanya kuliko nililokuwa nimeandaa.

Mkato wa kibodi wa mwalimu wa Lurambi ulinipa asubuhi ya vituko. Niliweka Alt+1, Alt+2, Alt+3, nikatangaza kwa fahari, wakabonyeza, na nusu ya darasa ikatoweka. Kwenye Linux kivinjari kinatumia Alt+1 kurukia kichupo cha kwanza, na kichupo cha kwanza cha vijana wangu ni mpira. Nimehamia F2, F8 na F9. F5 nilijua mwenyewe nisiiguse, maana hupakia ukurasa upya. Lakini majina umeniweza, mwalimu. FAILI, MSIMBO, MATOKEO, kwa herufi nzito. Wiki ya kwanza niliwaambia kila nikisema "pale" wanidai shilingi kumi. Nimenunua mandazi ya zamu mbili.

Nimeongeza kitu kimoja ambacho hamkukisema, kitufe changu cha "Hali ya somo". Nikikibonyeza, skrini zote zinakuja kwenye mkao wa darasa ili nionyeshe jambo, nikikiachia kila mtu anarudi kwake. Ukubwa wa herufi hakiugusi, huo ni wa mtu. Hata hivyo nilikosea. Fundi cherehani wetu anatumia herufi za 26. Kwa ukubwa huo herufi moja inakula kama pikseli 15.6, skrini nzima inatosha herufi 87 hivi. Nilipobonyeza kitufe matokeo yakaruka kulia, akabaki na nusu ya hizo. Akaniambia nimempunguzia kitambaa baada ya kumpima. Sasa herufi zikizidi 20 matokeo yanabaki chini hata wakati wa somo, na aliyechagua kushoto anabaki kushoto. jicho_la_kushoto, sijui kama una nafasi Alhamisi jioni. Tuko ngazi ya pili, mlango wa kijani. Sitamwambia mtu.

Msichana wa namba 6 amerudi shule, lakini Jumamosi moja alipita. Aliandika jina lake, akachagua matokeo yawe kushoto. Sikumuuliza sababu.

Limebaki moja. Kompyuta namba 9 haihifadhi. Mtu anabadilisha mkao, anatoka, akirudi ni ule wa zamani. Kompyuta nyingine zote ziko sawa, na mtu huyohuyo akienda namba 8 inahifadhi vizuri. Kivinjari nimekisakinisha upya. Nimebadilisha waya. Kitu pekee cha ajabu ni kwamba saa ya kompyuta hiyo inaonyesha Januari 2009, nafikiri betri ya ubao mama imekufa.

sehemu58, saa 9:20 alasiri

Seva yako inaamuaje faili ipi ni mpya?

mkufunzi_kondele, saa 9:22 alasiri

Kompyuta inatuma mkao pamoja na saa uliyobadilishwa, kwa saa ya kompyuta hiyo. Yenye saa ya karibuni ndiyo inaku... Ai.

sehemu58, saa 9:23 alasiri

Eeh. Cha namba 9 kila mara kinaonekana cha 2009, yaani cha zamani. Usiamini saa ya mgeni. Tumia saa ya seva, au namba inayoongezeka kila anapohifadhi.

mkufunzi_kondele, saa 10:02 jioni

Nimeweka namba. Imekubali mara ya kwanza. Betri ya ubao mama nimeulizia hapo chini kwenye vipuri, wanazo za rimoti za pikipiki, umbo ni lilelile, CR2032. Erokamano.

vim_tu, saa 10:10 jioni

Hiyo rangi ya usiku umempa?

mkufunzi_kondele, saa 10:11 jioni

Nimempa.